Malezi ya Usingizi wa Mtoto Mchanga Katika Milima ya Uluguru

Historia ya Morogoro imeandikwa kwa kufuata ardhi, dini, reli na siasa, na ni nadra kwa waandishi wake kutua juu ya jambo lililoshughulisha kila nyumba usiku na mchana, yaani namna mtoto mchanga alivyolazwa, alivyoamka, na alivyotambuliwa na waliomzunguka kuwa amechoka. Uhaba huo wa maandishi hautokani na uhaba wa maarifa. Maarifa yalikuwepo, tena yalikuwa na walimu wake, vifaa vyake na miiko yake, ila yalikaa mikononi mwa wanawake na wasichana, ambao wageni walioshika kalamu, wawe wamisionari, maofisa au wasafiri, hawakuwauliza sana kuhusu kazi hiyo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba usingizi wa mtoto katika Uluguru ulitegemea kuliko kitu kingine mikono na migongo iliyokuwa tayari kumpokea. Kwamba kile ambacho siku hizi huitwa tatizo la usingizi wa mtoto kilikua kadiri mikono hiyo ilivyopungua. Na kwamba hofu kubwa ya usiku, kwa vizazi vingi, ilikuwa homa.

Kuchoka kwa mtoto mchanga kuna hatua, na anayemlea hana budi kuzijua kwa mpangilio wake. Hatua ya kwanza ni ya kimya: mtoto aliyekuwa akirusha miguu hutulia, macho huganda pasipo kutazama kitu, na anaposemeshwa hugeuza uso pembeni, kana kwamba mazungumzo yamemlemea. Hatua ya pili huonekana hata na mgeni, kwa kuwa ndipo mtoto hupiga miayo, hufikicha macho na huvuta sikio au nywele. Ya tatu ni ya kilio, ngumi zikiwa zimekunjwa na mgongo ukiwa umejinyonga, na hapo kumlaza huwa kazi ngumu, kwa sababu mwili uliopitwa na wakati wa kulala huchangamka kwa nguvu ya uchovu wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kwamba mtoto wa chini ya miezi mitatu huhitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 katika siku nzima, na wa miezi minne hadi 11 saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaotofautisha usiku na mchana kwa msaada wa homoni iitwayo melatonini, haijakomaa mtoto azaliwapo, bali huanza kushika taratibu katika miezi ya mwanzo. Isitoshe, karibu nusu ya usingizi wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni mwepesi, macho yakitembea chini ya kope, naye huguna, hutabasamu na hurusha mkono bila kuamka. Mlezi asiye na uzoefu humnyanyua akidhani ameamka, na hivyo humkatisha usingizi ambao ungeendelea wenyewe.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo mpana huitwa lukolo, na tawi lake, linalowakusanya wazao wa bibi mmoja wa vizazi vichache vilivyopita, huitwa tombo, maana yake titi. Ardhi ya milimani ilishikwa na kurithishwa kwa njia hiyo, na kwa sababu hiyo wanawake wengi waliishi na kulima karibu na mama zao, dada zao na mama zao wadogo. Mpango huo wa ardhi ulikuwa pia mpango wa malezi, ingawa wachunguzi wa masuala ya ardhi waliuangalia upande mmoja tu. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliotoa mwaka 1960 kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, walieleza kwa makini mamlaka ya wakuu wa koo na ugomvi wa miaka ya 1950 juu ya matuta ya ngazi, lakini mtoto aliyelala mgongoni mwa mwanamke aliyelima matuta hayo hakuwa sehemu ya swali lao.

Mafunzo ya kulea yalianza kabla ya ndoa. Msichana aliyevunja ungo, yaani aliyepata hedhi ya kwanza, aliwekwa ndani akaitwa mwali, na katika sehemu kubwa ya mashariki ya Tanzania, kwa Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Waluguru, kukaa huko ndani kuliweza kuchukua miezi mingi na hata kuvuka mwaka, akifundishwa na kungwi na somo wake mambo ya mwili, ya unyumba na ya uzazi. Chombo kimoja cha mafunzo hayo kimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali duniani, nacho ni mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye kiwiliwili kama gogo, isiyo na mikono wala miguu, iliyochongwa kichwa chenye kishungi kilichogawanyika pande mbili, na aghalabu kuvishwa shanga. Mwali alikabidhiwa sanamu hiyo aitunze kama mtoto: aiogeshe, aipake mafuta, aivishe, wala asiiangushe, kwa kuwa kuanguka kwake kulihofiwa kuwa ni kisirani kwa uzazi wake wa baadaye. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo na kuchapisha mwaka 1970 kitabu kikubwa kuhusu mila zao, alionesha jinsi sanamu hiyo ilivyofungamana na uzazi na uendelevu wa ukoo. Wakusanyaji wa sanaa wameipenda kwa umbo lake, na si ajabu, kwani ni nzuri. Lakini kuitazama kama pambo la kabati ni kuikosea, kwa maana thamani yake ilikuwa katika zoezi la kila siku, la msichana kuzoea kuwa na kitu kisichosema, kinachomtegemea kwa kila jambo, ambacho hakiwezi kusahauliwa hata kidogo.

Hata hivyo mwali hakuwa mgeni wa watoto alipoingia ndani. Alikuwa tayari amekuwa mlezi, kwa maana ya mtoto wa kike wa miaka sita, saba au nane anayekabidhiwa mdogo wake mama anapokwenda kondeni, na hapo ndipo maarifa ya ishara za uchovu yalipopatikana hasa. Chombo chake kilikuwa mbeleko, kipande cha nguo ambacho kwa miaka mingi sasa kimekuwa kanga au kitenge, na ambacho kabla ya nguo za dukani kuenea bara, sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilikitengeneza kwa ngozi laini ya mbuzi. Ufungaji wake ni ustadi. Anayebeba huinama mpaka mgongo ukawa karibu sawa na meza, mtoto akalazwa kifudifudi kati ya mabega, miguu ikagawanyika kuukumbatia mwili wa mlezi ubavuni; nguo hupitishwa juu ya mgongo wa mtoto, ncha moja juu ya bega au zote mbili chini ya makwapa, ikavutwa, ikakazwa kifuani, na upindo wa chini ukakunjwa chini ya makalio ili mtoto akae asining'inie. Tangu hapo mlezi hamwoni mtoto tena, bali humsoma kwa mgongo. Mtoto aliye macho hujisukuma, huinua kichwa na kugeukageuka. Anayeanza kuchoka huegemeza shavu moja. Anayelala huwa mzito ghafla, pumzi yake ikasikika kwa mpangilio mmoja kupitia nguo, na joto la kifua chake likatulia mahali pamoja. Msichana aliyebeba wadogo zake watatu au wanne kwa njia hii alikuwa ameijua hatua ile ya kimya ya uchovu kwa miaka kadhaa kabla hajazaa wa kwake, na aliijua bila kuhitaji kuona macho ya mtoto.

Juu ya mlezi huyo alikuwapo bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kilio. Kilio cha njaa, cha baridi, cha tumbo na cha usingizi havikuchukuliwa kuwa kitu kimoja, na anayesema kwamba watu wa kale walimnyonyesha tu mtoto kila alipolia husema nusu ya kweli. Titi lilikuwa jibu la kwanza, naam, na kwa usiku lilikuwa jibu la kutosha. Lakini mchana mtoto aliyekwisha kushiba na bado akajinyonga alipakatwa, akapigwapigwa mgongoni kwa kiganja, akaimbiwa bembelezi, yaani nyimbo za kubembeleza zinazokwenda kwa mapigo ya mwendo wa anayebeba, au akafungwa tena mbeleko na kuzungushwa uani hadi alale. Mtoto aliyelia siku nyingi pasipo sababu ya kuonekana alifungua maswali mapana zaidi. Miongoni mwa Wakaguru, walio majirani wa upande wa kaskazini magharibi, kilio kisichokoma kiliweza kufasiriwa na mganga kuwa mzimu wa ukoo unadai jina lake lirudishwe kwa mtoto, na tiba ikawa kumpa jina. Tafsiri hiyo, kwa wanaoipima kwa sayansi ya leo, haielezi chango wala jino linaloota. Lakini ilifanya kazi moja ambayo haifai kudharauliwa, kwa kuwa iliwaita wakubwa wa pande zote mbili kukutana juu ya mtoto mmoja na mama aliyekesha, na mama huyo akaondolewa lawama.

Usiku ulikuwa na utaratibu wake. Mama aliyenyonyesha alilala na mtoto wake kwenye mkeka au kitanda kimoja, akiamka na kunyonyesha bila kuketi, na wakati huo wa kunyonyesha ulilindwa na mwiko wa kubemenda, yaani imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado mchanga, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto atadhoofika, ataharisha na kuchelewa kutembea. Kwa msingi wa mwiko huo baba alilala kwingine, na muda kati ya uzazi mmoja na mwingine ukarefuka. Mtoto alipoachishwa ziwa alihamia kwa bibi, ambako alilala pamoja na wajukuu wengine, wala hakuwahi katika hatua yoyote kulala peke yake katika chumba. Katika vijiji vya juu vya Mgeta, ambako usiku wa mwezi wa saba una baridi kali, moto uliwekwa ndani ya nyumba, na moshi wake uliofukuza mbu na kuwatia watu joto uliumiza pia vifua vya watoto. Katika tambarare za Ngerengere, Ruvu na Mkata hatari ilikuwa nyingine.

Hatari hiyo iliitwa degedege. Mtoto aliyelala na homa huanza kushtuka, macho yakapinduka, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Watu wa pwani na wa Morogoro walilihusisha jambo hilo na kiumbe arukaye usiku, mfano wa ndege au nondo, anayempitia mtoto kwa kivuli chake. Watafiti waliohoji wazazi wa Bagamoyo na kwingineko katika miaka ya 1990 walikuta kwamba degedege lilitenganishwa kabisa na malaria, kwamba mtoto alifukizwa kwa moshi, mara nyingine wa kinyesi cha tembo, na kwamba wengi waliogopa kuwa sindano ingemuua mtoto akiwa katika hali hiyo. Ni wazi kwamba ucheleweshaji wa matibabu uliotokana na hofu hiyo uligharimu maisha. Ni wazi pia kwamba wazazi hao walikuwa waangalizi hodari wa usingizi: walitofautisha kushtuka kwa kawaida, kuweweseka kwa homa na kukakamaa kwa degedege, na kosa lao lilikuwa katika sababu waliyoitaja, si katika dalili walizoziona. Mtu akiusahau ukweli huu ataiona mila yote ya kukesha juu ya mtoto kama ushirikina, wakati ilikuwa ulinzi katika nchi ambayo mtoto aliyelala salama jioni aliweza kuwa mahututi alfajiri.

Mji wa Morogoro, uliokua kutokana na ngome ya mtawala Kisabengo ya karne ya 19, ulipokea misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1882, na Matombo, upande wa mashariki wa milima, ukapata misheni mwaka 1897. Reli ilipofika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, saa ya ukutani na kengele vilianza kuwa na nguvu juu ya siku ya watu waliokuwa wakipima siku kwa jua. Shule za misheni zilifupisha muda wa mwali ndani, na pia zilimtoa mlezi nyumbani asubuhi, jambo ambalo halikuhesabiwa na yeyote kuwa gharama. Katika Ulaya na makoloni, miaka hiyohiyo, mafundisho ya daktari Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama chake cha afya ya watoto mwaka 1907, yalikuwa yakienea, naye alitaka mtoto anyonyeshwe kwa saa maalumu, asinyonyeshwe usiku, na alale peke yake penye hewa safi. Mafundisho hayo yalihitaji nyumba ya vyumba vingi, usiku usio na mbu wengi na mama asiye na jembe, na kwa Mluguru wa kawaida hayakuwa na mahali pa kushika. Kilichoshika ni dawa ya dukani. Maji yaitwayo Gripe Water, yaliyotengenezwa mwaka 1851 na mfamasia William Woodward wa Nottingham, yalitokana na dawa ya homa ya watoto wa mabwawa ya Uingereza, yakawa na bizari, magadi na, kwa zaidi ya karne moja, pombe. Yalienea katika himaya nzima kama dawa ya tumbo na ya kumtuliza mtoto, na pombe hiyo kwa hakika ilichangia utulivu huo.

Mzigo wa kazi uliongezeka kwa namna nyingine pia. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, na chuki iliyojengeka ililipuka Matombo mwezi Julai 1955, mpango ukaachwa. Uchimbaji wa ngazi si palizi. Ni kazi ya nguvu ya siku nzima, na mwanamke aliyeifanya mtoto akiwa mgongoni, au kivulini na mlezi, aliifanya juu ya kazi zote alizokuwa nazo.

Ilikuwa katika miaka hiyo ambapo elimu ya vyuo vikuu ilianza kuuliza maswali juu ya mtoto wa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Kampala mwaka 1954, aliwatembelea akina mama wa Kiganda wa familia 26 vijijini, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1967 alieleza kwamba watoto waliokuwa na utulivu na imani zaidi kwa mama zao walikuwa wale ambao mama zao walimudu kusimulia habari zao kwa undani, yaani waliokuwa wamewaangalia. Nadharia ya mafungamano ya mama na mtoto, inayofundishwa leo duniani kote, ina mzizi huo wa Uganda. Baadaye, katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness walichunguza kijiji cha Kokwet cha Wakipsigis nchini Kenya, wakakuta kwamba mtoto wa miezi minne aliyelala na mama yake alikuwa na kipande kirefu cha usingizi cha takriban saa nne na nusu, wakati mtoto wa Marekani wa umri huohuo alifikia saa nane. Mama wa Kokwet hakuliona hilo kuwa tatizo, kwa kuwa mtoto alirudi kulala bila yeye kuinuka na mchana angebebwa akisinzia mgongoni. Mama wa Marekani, ambaye asubuhi alitakiwa kufuata ratiba ya saa, angemwita mtoto huyohuyo msumbufu wa usiku. Uluguru haukupata uchunguzi wa aina hiyo, lakini mpango wa malezi ulikuwa wa jamii moja na ule wa Kokwet, na hakuna sababu ya kudhani kwamba matokeo yangetofautiana sana.

Badiliko kubwa kuliko yote katika usiku wa mtoto wa mkoa huu lilikuja na chandarua. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, zilizokuwa zote ndani ya Mkoa wa Morogoro, kituo cha utafiti cha Ifakara kilisimamia kuanzia miaka ya 1990 mradi wa kuuza vyandarua na dawa yake kwa nembo ya Zuia Mbu, kwa bei iliyopunguzwa, madukani na kwa mawakala wa vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa Hati Punguzo, yaani kuponi ambayo mama mjamzito aliipokea kliniki, iliyompa nafuu ya bei ya chandarua, na baadaye ikafuata kampeni ya kugawa vyandarua bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chandarua kiliukuta mpango wa kale wa kulala pamoja na kikaushika vizuri, kwa maana kilitosha mama na mtoto kitandani. Ushauri wa kumtenga mtoto ungedai viwili kwa kila nyumba. Wazazi walioanza kulala bila hofu ya degedege kila msimu wa mvua walipata nafasi ya kuushughulikia usingizi wenyewe, yaani kuuliza kwa nini mtoto mzima, asiye na homa, analia saa tatu usiku.

Swali hilo huulizwa zaidi mjini, na jibu lake limo katika hesabu ya mikono. Viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo vilivyojengwa Morogoro katika miaka ya 1970 na 1980, pamoja na vile vya tumbaku na mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero, viliwaleta wanawake kwenye kazi za shifti, wakiishi katika nyumba za kupanga mbali na tombo lao. Jaribio moja la kuuziba kwa mpango upungufu huo wa mikono lilifanywa Mazimbu, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha Chuo cha Solomon Mahlangu kutoka mwaka 1978 hadi 1992 kwenye shamba la zamani la mkonge, na kuweka kituo cha watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, kusudi wasichana waliozaa uhamishoni warudi darasani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Siku 84 huisha mtoto akiwa anakaribia miezi mitatu, wakati ambao saa yake ya mwili ndiyo kwanza inaanza kushika. Muuza mboga za Mgeta katika Soko Kuu la Chifu Kingalu hana mwajiri wa kumdai saa hizo mbili.

Pengo lililobaki limezibwa na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti wa vijiji vya milimani, na ambaye kwa historia ndiye mlezi yuleyule aliyebeba wadogo zake, isipokuwa sasa anabeba mtoto asiye wa ukoo wake na analipwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, katazo la haki ambalo halifuatwi kila nyumba. Dada wa kazi ndiye anayeiona hatua ya kimya ya uchovu saa nne asubuhi mama akiwa kazini, na maarifa hayo alikuja nayo kutoka Matombo au Nyandira bila kufundishwa na mwajiri wake. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani, kinachotangazwa na serikali, hupangwa kwa kutazama hadhi ya mwajiri na kama mtumishi analala kwa mwajiri au la, pasipo kutofautisha anayefua nguo na anayelea mtoto mchanga.